Kurasa Thelathini na Moja Nilizozifunika

Ilianza siku ya Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilifika mapema, nikaona aibu kwamba nimefika mapema, nikazunguka nyuma ya ofisi ya parokia na kujifanya natazama kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja. Mzee Ditram, karani wa pale, alinikuta huko. Akaniuliza kama nimekuja kununua kahawa au kufanya kazi. Nikasema kazi, lakini nadhani hakusikia, maana akaniuliza tena.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na minane, nimefanya kazi miezi saba, na shangazi anacheka kila nikilitumia neno hilo. Lakini Mzee Ditram alipostaafu aliniachia maelezo yake kwenye karatasi, na mimi nakuachia yangu wewe utakayekalia kile kiti. Sijui jina lako. Habari za posho sitazigusa, utaelezwa na Baba Paroko, na hazichukui muda mrefu kuelezwa.

Naitwa Edeltruda, nyumbani Truda. Kwetu ni ziwani, njia ya Lituhi. Nilikuja Mbinga, huku mlimani, kusoma, nikawa nakaa kwa shangazi. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu wakatawanyika kila mmoja kwao, mimi nikabaki nasubiri matokeo. Shangazi akaniombea kazi parokiani bila kuniuliza, kwa sababu angeniuliza ningekataa. Mimi mbele za watu maneno hunikimbia. Kuna Jumapili niliwekwa zamu ya kusoma somo la kwanza. Nilipanda, nikafungua kitabu, nikatazama watu, nikarudi kukaa. Somo lilisomwa na mtu mwingine, na kwa miezi miwili nilikuwa nasali misa ya kwanza ili nisikutane na mtu.

Kazi yenyewe ni hii. Kabla yangu, makatekista wa vigango walikuwa wamepiga picha vitabu vya ubatizo kwa simu zao, ukurasa kwa ukurasa, maana vitabu vilikuwa vinaisha kwa mchwa na unyevu. Sisi ndio wenye kompyuta, kwa hiyo hata vigango vya ziwani vilileta picha zao kwetu. Picha zikapandishwa kwenye mfumo, ile tovuti unayoifungua kwa neno la siri. Kupandishwa zilipandishwa zote. Ila zote ziliwekwa kwenye folda moja inayoitwa Mengineyo, na ndani yake kuna mafungu, kila simu na fungu lake. Mlima na ziwa humo humo, kitabu cha zamani na kipya humo humo, na katikati kuna picha ya mbuzi wa katekista mmoja, ambayo niliiacha kwa sababu sikujua ni wa kigango gani.

Kazi yangu ilikuwa kuzitoa humo picha moja moja na kuzipeleka mahali pake: kwanza folda ya kigango, halafu ndani yake folda ya kitabu. Unaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha picha, unabonyeza Hamisha, orodha ya folda inafunguka, unachagua, unabonyeza tena. Picha inatoweka upande huu inatokea upande ule. Siku ya kwanza nilihamisha picha tisa tu, kwa sababu Mzee Ditram alitaka kila ukurasa tuusome kwanza.

Alikuwa karani wa parokia tangu mama yangu hajaolewa. Kompyuta hakuipenda, lakini alishaambiwa anifundishe vitabu, na mimi nilishaambiwa nimfundishe kompyuta, kwa hiyo kila mmoja alikuwa mwalimu na hakuna aliyekuwa mwanafunzi. Alikuwa na rula ya mbao, anaiweka juu ya kioo cha kompyuta ili asome mstari mmoja bila kupotea. Nikisogeza picha wakati rula ipo, ananigeukia kana kwamba nimemsukuma mtu ngazini. “Sogeza polepole,” alikuwa anasema. “Hao ni watu.”

Alinifundisha mwandiko wa mapadri wa zamani, ambao herufi zao zimelala kama mahindi baada ya upepo. Alinifundisha kwamba ukurasa hukaa pamoja na kitabu chake, haumfuati mtu. Hilo lilinisumbua mwanzoni. Ukikuta mtoto baba yake ni wa Liparamba, bara, lakini ameandikwa kwenye kitabu cha ziwani, usidhani ni kosa ukampeleka Liparamba. Mwanamke mimba ya kwanza anarudi kujifungulia kwa mama yake, na mtoto anabatizwa huko huko. Vifungua mimba wengi wa bara wameandikwa ziwani, na wa ziwani wameandikwa mlimani. Mzee alisema hao ndio wanaosumbua makarani, kwa sababu wakikua wanajitafuta kwa baba.

Kingine alichonifundisha ndicho kilichoniponza. Siku moja tulikuta ukurasa mmoja umepigwa picha mara mbili. Mimi nilitaka kuziacha zote. Mzee akaitoa rula kwenye kioo, akavua miwani. Akasema ubatizo haurudiwi. Mtu akiandikwa mara mbili, siku moja atatokea mtu wa pili anayedai ndiye yeye, na karani atajibu nini? Nikafuta moja mbele yake. Akatazama mpaka ikatoweka, kisha akavaa miwani.

Mwezi wangu wa tatu pale alistaafu. Walimnunulia soda na koti, akatoa shukrani fupi, akarudi kwao Litumbandyosi kulima. Mimi nilitaka kumwambia kitu. Nilishika mfuko wake nikausindikiza mpaka kwenye gari, na kitu hicho sikukisema.

Kuanzia hapo nilikuwa peke yangu, na hili nalo nakwambia kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Chumba kile kiko nyuma. Mtu anayetaka cheti anaishia ofisi ya mbele. Mama wa jikoni ni watu wazuri, lakini wao kwa wao wanaongea Kimatengo, na wakicheka unadhani wanakucheka wewe. Wakati mwingine ilikuwa kweli. Walikuwa wananiita Mla Usipa, kwa ajili ya vile visamaki vyetu vya ziwani, wananiuliza kama mlimani nimeshiba. Ni utani, na ulikuwa na majibu mazuri tu, ila majibu yangu huwa yanafika saa kumi jioni nikiwa njiani. Basi nikawa nachukua chakula changu nakula mezani pale. Kuna siku nilihesabu maneno niliyoyasema tangu asubuhi hadi jioni. Yalikuwa sita, na mawili yalikuwa “shikamoo”.

Nikaanza kuzungumza na kurasa. Kwa moyo tu, si kwa sauti. Namuuliza Kunigunda kama alilia alipomwagiwa maji. Namuuliza Oswini kwa nini mama yake wa ubatizo ametia dole gumba na wengine wametia sahihi. Nikawa nawahi kazini ili nikutane nao. Sioni aibu kuliandika hili kwa sababu utakapokaa pale mwezi mmoja utanielewa.

Siku ya kosa ilikuwa Jumanne, baada ya chakula. Nilikuwa na kitabu cha kigango kimoja cha ziwani, jirani na kwetu. Katekista alikianza kwa simu yake, chaji ikamwishia, akakimalizia kwa simu ya mke wake. Kwa hiyo picha zake zilikuwa kwenye mafungu mawili. Fungu la kwanza nilikuwa nimeshalihamisha asubuhi. Nikaweka vema fungu zima la pili, nikabonyeza Hamisha, nikachagua kitabu. Kikatokea kisanduku: picha zenye majina haya tayari zipo, je, ubadilishe, au uweke zote mbili? Na chini yake kisehemu cha vema: fanya hivyo kwa zote.

Simu zinazipa picha majina kwa namba. Simu ya mume ilianza moja na simu ya mke ilianza moja. Majina yalikuwa sawasawa, kurasa zilikuwa tofauti kabisa. Leo nalijua hilo. Siku ile nilitazama zile picha ndogo, zote ni karatasi ya njano yenye mistari, na nikamsikia Mzee Ditram anasema ubatizo haurudiwi. Nikaona “weka zote mbili” ni dhambi. Nikaweka vema kwa zote, nikabonyeza Badilisha, nikajisikia nimefanya kazi safi. Kurasa thelathini na moja zilifunikwa ndani ya muda wa kupiga chafya. Kilichofunikwa hakiendi hata kwenye kapu la taka.

Wiki mbili baadaye akaja Mama Otilia.

Alipita ofisi ya mbele, wakamleta kwangu. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaomba maji kwanza, kwa sababu alisema ametoka Liparamba na shida yake haisemeki koo likiwa kavu. Akanywa, akaeleza. Babu yake alivuka Mto Ruvuma kuja huku miaka ya vita vya upande ule, na mpaka leo ukoo wake uko pande zote mbili. Yeye amezaliwa huku, ameolewa huku, amezika wazazi huku. Lakini alipoomba kitambulisho cha taifa akaambiwa alete ushahidi wa kuzaliwa kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo jalada lake litafungwa. Shule hakusoma. Mkunga alishakufa. Kilichobaki ni ubatizo wake. Hata laini ya simu anayotumia imeandikishwa kwa jina la shemeji.

“Nimetafuta Liparamba, sipo,” alisema. “Ndipo nikakumbuka mimi ni kifungua mimba. Nimebatizwa ziwani, kwa bibi.”

Akanitajia kigango. Nilifurahi, nisikufiche. Mtu wa kwanza ambaye karatasi zangu zilimhusu alikuwa amekaa mbele yangu. Nikafungua folda, nikafungua kitabu, nikaanza kufuata miaka. Miaka ikaanzia mbali, si pale kitabu kinapoanzia. Ukurasa uliotakiwa kuwa wa mwaka wake ulikuwa na watoto wa miaka mingi baadaye. Nikaenda mbele, nikarudi. Nikafungua kumbukumbu za mfumo, ule mstari unaoonyesha nani alifanya nini na saa ngapi, na pale palikuwa na jina langu, mara thelathini na moja.

Mama Otilia akaniuliza kama nimemwona. Nikasema mtandao umekatika. Nikamwambia arudi Alhamisi. Akanishukuru, na shukrani ile ndiyo sikuweza kulala nayo.

Nilijaribu kila njia kabla ya Alhamisi. Kijana wa Songea aliyetengeneza mfumo alinijibu kwa ujumbe kwamba kilichobadilishwa hakirudi, akaweka na kikatuni cha huzuni. Katekista alisema simu yake ilishatumbukia ziwani. Nikampigia Mzee Ditram. Kwenye simu hasikii vizuri, ikabidi nipaze sauti kusema kosa langu, na mama wa jikoni wakanyamaza kusikiliza. Akaniuliza kitabu chenyewe kiko wapi. Nikamwambia nusu ya mbele imeliwa na mchwa, zimebaki jalada na kurasa za mwisho. Akasema ni yeye aliyenifundisha kufuta.

“Hapana, Mzee,” nikasema. “Wewe ulisoma kwanza ndipo ukasema nifute. Mimi sikusoma.”



Alhamisi Mama Otilia alifika kabla sijafungua mlango. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, lakini alipokaa yakaisha yote, nikasema tu lile la mwisho: “Mama, ukurasa wako ulikuwepo. Nimeufuta mimi.”

Alinitazama. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliuliza, “Wewe uliniona humo?”

Hapo, dada, au kaka, uliyekalia kiti changu, hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. Ningesema ndiyo. Ningesema nakumbuka, Otilia, binti wa fulani, mama wa ubatizo fulani, maana yote hayo alishanieleza mwenyewe. Nani angenipinga? Na ningekuwa nimemsaidia. Lakini fungu la kwanza nililihamisha asubuhi ile nikiwa na haraka, kurasa zile sikuzisoma. Nilisema, “Sikukuona. Niliona ukurasa tu.”

“Basi mimi ni nani?” akasema, na hakuwa ananiuliza mimi.

Tukaenda kwa Baba Paroko. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, kisha nikaeleza tena, safari hii nikiwa nimesimama. Baba ni mtu mwema. Hakunigombeza. Alifikiri, akasema mama yule aliyemsimamia ubatizo atafutwe, akiwa hai ushahidi wake unatosha kwa Kanisa, na yeye atamwandikia cheti. Kwa ofisi ya vitambulisho ataandika barua kwamba kitabu kimeliwa na mchwa. “Na ni kweli kimeliwa,” alisema akinitazama mimi, na nikajua ananitafutia mlango wa kutokea.

Mama Otilia akatikisa kichwa. “Baba, kwa heshima. Pale ofisini mchwa wanawajua. Kila mtu wa kwetu anakwenda na mchwa. Wanatuuliza, huo ukurasa ulioliwa, nani aliuona?”

Baba alikuwa ameshashika kalamu.

Nilisema kwamba mchwa hawaandiki saa. Sijui lilitoka wapi. Nikasema mfumo umeandika kwamba ukurasa wa namba ile wa kitabu kile ulipandishwa, ulikuwepo tangu mwaka juzi, na ulifutwa Jumanne saa saba na dakika arobaini, na jina la aliyefuta. Hiyo inaweza kuchapishwa. Tukiandika mchwa, ni kama haukuwahi kuwepo. Tukiandika Truda, ulikuwepo.

“Watataka kukuuliza,” Baba akasema. “Wewe mwenyewe. Utaweza?”

Nikasema sijui. Lilikuwa jibu la kweli na halikumfurahisha mtu. Baba akaandika barua kama nilivyosema, bila mchwa.

Jioni ile nilichapisha karatasi za kumbukumbu, nikapiga mstari chini ya jina langu ili wasilitafute. Mama Otilia alilala kwa shangazi. Shangazi alimpikia, wakaongea habari za Liparamba na ndugu wa ng’ambo kama watu waliofahamiana zamani, na mimi nilikaa nao nikachambua mchele. Mara moja tu Mama Otilia alinigeukia. Akasema mimi ni mtoto wa ziwani, basi labda bibi zetu waliteka maji pamoja. Nikasema labda. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza.

Kabla sijamaliza, ya kazi ni haya. Usiweke vema fungu zima hata ukichoka. Kabla ya kuhamisha, ipe picha jina la kitabu na namba ya ukurasa, inachukua muda lakini muda utakuwa nao mwingi mle chumbani. Kisanduku kikikuuliza, weka zote mbili, halafu zisome. Ukiona hujui, iache Mengineyo, Mengineyo haijamuumiza mtu. Na ukila, kale jikoni. Watakutania. Wakikuita jina, wajibu chochote hata kama si kizuri.

Asubuhi ya Ijumaa tuliondoka na gari la kwanza la kushuka Mbamba Bay, kwenye ofisi yake ya vitambulisho, mimi na Mama Otilia, karatasi zikiwa kwenye bahasha kifuani kwangu. Ofisini tulikaa kwenye benchi hadi jina lake likaitwa. Afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, akasoma barua ya Baba, akasoma karatasi za mfumo mara mbili, akauliza huyu Edeltruda yuko wapi. Nikasimama. Watu wa kwenye benchi walikuwa wanasikiliza wote.

Akaniuliza kama jina la mama huyu nililiona kwenye ukurasa. Nikasema hapana. Akauliza nimekuja kufanya nini basi. Nikamwambia nimekuja kusema kwamba ukurasa wa mwaka wake ulikuwepo, kwamba haukuliwa na kitu, niliufuta mimi kwa uzembe wangu, na asiadhibiwe yeye. Alinitaka nirudie taratibu akiandika. Nikarudia yote, na kwenye neno uzembe nikangoja mpaka alimalize.

Akafungua jalada la Mama Otilia, akaziingiza karatasi zangu ndani, akaandika juu yake kwamba lisifungwe hadi shahidi wa ubatizo afike. Kisha akanisukumia maelezo yangu nitie sahihi. Juu palikuwa na nafasi ya jina, na mbele yake nafasi ya kazi. Kwenye jina nikaandika lote, Edeltruda, na la baba, na la babu. Kwenye kazi nikafikiri kidogo, Mama Otilia akiwa ameshika mgongo wa kiti changu, nikaandika: karani wa vitabu vya ubatizo.